Dakika 24 badala ya saa moja: mshumaa, sheria na msamaha wa Indian Point

Wasee, leo sina kichekesho. Wiki mbili sasa nimekuwa nikisoma hukumu za korti za Marekani kwa simu yenye kioo kimepasuka, na kila nikijaribu kumweleza mtu hapa nyumbani ninachosoma, swali ni lile lile: wewe na nyuklia, wapi na wapi? Basi wacha nieleze hapa mara moja nimalize.

Kila kitu kinazunguka neno moja, msamaha. Usifikirie ule wa kuombana radhi. Fikiria ule wa kodi: sheria ipo, inakuhusu, lakini umeomba usibanwe nayo na mwenye mamlaka akakubali. Mimi nilijua maana yake nikiwa mwaka wa pili chuoni. Karo ilikuwa imebaki kiasi, mtihani ulikuwa Jumatatu, nikajaza fomu ya kuomba niruhusiwe kuukalia halafu nilipe baadaye. Mama wa dirishani alisoma mistari miwili, akanirudishia karatasi. "Kijana wangu, sheria ni sheria." Sikurudi tena. Silii hapa, maisha yameendelea, lakini ndiyo sababu nilipokutana na ombi la msamaha la kituo cha nyuklia, na kuona lilivyopokelewa, nilikaa wima kitandani.

Ili uelewe ombi lenyewe lazima kwanza uelewe sheria iliyoombewa msamaha. Na sheria hiyo ilianza na mshumaa. Sitanii.

Tarehe 22 Machi 1975, Jumamosi mchana, kituo cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, kando ya mto Tennessee. Vinu viwili vilikuwa vinazalisha stima, cha tatu kilikuwa bado kinajengwa. Chini ya chumba cha udhibiti kulikuwa na chumba ambamo maelfu ya nyaya zinakusanyika kisha zinagawanyika kwenda kila pembe ya kituo. Nyaya hizo zilipita ukutani kupitia matundu, na matundu yalitakiwa yazibwe yasipitishe hewa. Mafundi walikuwa wanatafuta mahali hewa inapovuja. Na njia waliyotumia ilikuwa kushika mshumaa uliowashwa karibu na tundu: mwali ukilala upande mmoja, hapo kuna hewa inavuja.

Hapa kwetu hata jamaa anayeuza mtungi wa gesi pale kona anapaka povu la sabuni kwa rigileta kuona kama inavuja. Hawashi kiberiti. Lakini pale, kwenye kituo cha nyuklia, ilikuwa kawaida. Na kilichotumika kuziba yale matundu kilikuwa sponji ya plastiki, kitu kinachoshika moto haraka sana. Mbaya zaidi, moto mdogo wa aina hiyo ulikuwa umewahi kuwaka siku za nyuma, ukazimwa, kazi ikaendelea.

Siku hiyo fundi aliona mwali unavutwa. Akachukua vipande vya sponji, akasokomeza kwenye tundu, halafu akarudisha mshumaa kuhakikisha. Hewa ikauvuta mwali ndani, sponji ikashika. Wakajaribu kuuzima kwa kuupiga na tochi, kwa matambara, halafu kwa mitungi ya kuzima moto. Haukuzimika, kwa sababu sasa ulikuwa umevutwa hadi upande wa pili wa ukuta, ndani ya jengo la kinu chenyewe, ukitembea juu ya nyaya.

Kule juu, kwenye chumba cha udhibiti, taa za paneli zilianza kujiendea tu. Zingine zinawaka, zingine zinafifia, pampu zinaanza bila kuguswa, vipimo vinasoma vitu visivyoeleweka. Wakazima vinu vyote viwili. Lakini kinu cha nyuklia ukikizima hakipoi pale pale. Ni kama jiko la makaa: hata ukiacha kulipepea, makaa yanabaki na moto wake, na ukisahau sufuria juu yake maji yanakauka. Kinu kinahitaji kuendelea kupelekewa maji baada ya kuzimwa. Na kwenye kinu nambari moja, mifumo yote ya dharura ya kupoza ilikuwa imekatika, maana nyaya zake ndizo zilizokuwa zinaungua. Waliokoa jahazi kwa pampu ndogo ambayo kazi yake ya kawaida si hiyo hata kidogo.

Moto uliwaka kama saa 7. Na hii sehemu ndiyo nataka uishike, tutairudia. Mkuu wa zimamoto wa mji wa karibu, Athens, alifika mapema na kusema tumia maji. Wenye kituo walikataa, wakiogopa maji kwenye nyaya zenye stima. Walikataa kwa masaa. Jioni walipokubali hatimaye, maji yalimaliza moto kwa dakika kama 20. Nyaya zaidi ya 1,600 zilikuwa zimeharibika. Hakuna aliyekufa na mionzi haikutoka kudhuru watu, lakini vinu vile viwili vilikaa zaidi ya mwaka bila kuwaka.

Sasa angalia bahati ya kalenda. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, ilikuwa imeanza kazi Januari ya mwaka huo huo wa 1975. Mtoto wa miezi miwili, tayari ana kesi mezani. Iliichukua miaka mitano na zaidi, lakini Novemba 1980 ikatoa kanuni za moto kwa vituo vya zamani. Zinajulikana kama Kiambatisho R.

Ukizisoma kanuni hizo bila kujua habari ya mshumaa utaona urasimu mtupu. Ukiijua, unaona kila mstari una kovu. Wazo kuu ni hili: kituo kina njia mbili za kukipoza kinu, ya kwanza na ya akiba. Lakini kama nyaya za njia zote mbili zinapita chumba kimoja, moto mmoja unaua zote na akiba yako haikuwa akiba. Kwa hiyo zitenganishwe. Ama kwa ukuta unaostahimili moto saa tatu. Ama kwa nafasi ya futi 20, karibu mita sita, isiyo na kitu cha kuungua katikati, pamoja na vitambuzi vya moshi na mabomba ya kunyunyiza maji yenyewe. Ama, kama nafasi ni finyu, funga njia moja kwa kizuizi kinachostahimili moto saa moja, na bado uweke vitambuzi na maji.

Saa moja. Dakika 60. Shika hiyo namba pia.

Kampuni za stima hazikufurahi. Zilienda kortini, na mwaka 1982 korti ya rufaa ya Washington ikaacha kanuni zisimame. Majaji walilalamika kuhusu jinsi tume ilivyozitunga, lakini kimoja kati ya vilivyoziokoa ni kwamba kulikuwa na mlango wa msamaha: kituo kikithibitisha kwamba kinaweza kuwa salama kwa njia nyingine, kinaweza kuomba. Yaani msamaha haukuingia kinyemela, ulikuwa ndani ya nyumba tangu mwanzo. Ukajengeka utaratibu, na kwa miaka iliyofuata vituo vikapewa misamaha ya Kiambatisho R kwa mamia.

Kanuni ya kutoa msamaha ina masharti, na nitayasema kwa lugha yetu. Usivunje sheria ya nchi. Usiongeze hatari isiyofaa kwa afya na usalama wa umma. Usiguse usalama wa taifa. Halafu lazima kuwe na hali ya pekee, na mojawapo ya hali hizo ni kwamba kuifuata kanuni neno kwa neno si lazima ili kusudi lake litimie. Hiyo ya mwisho mimi naiona nzuri kabisa. Ndiyo nilikuwa nataka kumwambia yule mama wa dirishani: kusudi la sheria yenu ni karo ilipwe, mimi nitalipa, je, nikikosa mtihani italipwa haraka zaidi? Manze, ningekuwa na wakili!

Turudi kwa nyaya. Vituo vingi vya zamani havikuwa na nafasi ya kutenganisha vitu, kwa hiyo vilichagua kufunga nyaya kwa kitambaa ama gamba la kuzuia moto. Na hapo ndipo biashara ikaingia. Aina moja, Thermo-Lag, ilitumika sana, halafu miaka ya mwanzo ya 1990 majaribio yakaonyesha haifikishi muda iliyoahidi. Aina nyingine iliitwa Hemyc, ambayo kimsingi ni blanketi la nyuzi za kauri linalozungushiwa bomba la nyaya. Lilikubaliwa kama kizuizi cha saa moja. Miaka na miaka vituo vilikaa nalo ukutani kila mtu akiamini ni saa moja. Mwaka 2005 tume yenyewe ikalichoma kwenye tanuri la majaribio. Halikufika saa moja. Mwaka 2006 ikaviandikia vituo: nyinyi mlio na hili blanketi, tuambieni mtafanya nini.

Kimoja cha vituo hivyo kilikuwa Indian Point, kijiji cha Buchanan, kando ya mto Hudson, chini ya kilomita 60 kutoka katikati ya Manhattan. Ni miongoni mwa vituo vya nyuklia Marekani vilivyobishaniwa sana kwa sababu ya mahali vilipo. Chora duara la kilomita 80 kukizunguka na ndani yake kuna mamilioni ya watu, New York City ikiwemo. Mwenye kituo wakati huo alikuwa kampuni ya Entergy.

Ungedhani jibu ni rahisi. Blanketi limefeli, toa, weka lingine. Lakini Entergy ilichukua njia ya msamaha. Mwaka 2006 iliiomba tume, kwa kinu nambari tatu, kwamba sehemu fulani zenye nyaya zihesabiwe ziko sawa na kizuizi cha dakika 30. Baadaye ombi likarekebishwa: kwenye kipande fulani cha handaki la nyaya, dakika 24.

Kutoka 60 hadi 24.

Mara ya kwanza niliposoma hivyo nilicheka kwa uchungu, nikaanza kuandika posti ya matusi. Halafu nikasoma sababu, na nikaifuta. Kwa sababu wasee, hoja yao haikuwa ya kijinga. Jinsi ninavyoielewa, inaenda hivi. Saa moja kwenye jaribio la tanuri ni moto mkali unaoendelea kupanda bila kupoa. Swali la kweli ni moto gani unaweza kutokea ndani ya handaki hili, si ndani ya tanuri. Humo kuna nini cha kuungua? Vichache. Nyaya zenyewe zina ganda lisilosambaza moto kirahisi. Kuna vitambuzi vya moshi, kuna maji ya kunyunyiza kwenye nyaya, kuna udhibiti wa nani anaingia na kitu gani, kuna kikosi cha zimamoto ndani ya kituo. Kwa hiyo, wakasema, hata blanketi likistahimili dakika 24 tu, moto unaoweza kutokea hapo utakuwa umekufa ama umezimwa kabla. Wahandisi wa tume wakapitia hesabu hiyo, wakauliza maswali, wakapewa majibu kwa barua, na tarehe 28 Septemba 2007 wakatoa msamaha.

Mimi si mhandisi, sikumaliza hata shahada, na sitajifanya najua kuwa walikosea. Inawezekana kabisa walikuwa sahihi. Lakini nina swali ambalo halihitaji shahada. Lile tegemeo la mwisho, kwamba kuna watu watakaofika na kuuzima, ndilo lililoanguka Browns Ferry. Moto uliokufa kwa dakika 20 ulipopata maji ulisubiri maji kwa masaa mengi, kwa sababu wakubwa walikuwa wanabishana kama yatumike. Ndiyo, Indian Point ilikuwa na maji yanayofunguka bila kumsubiri mkubwa, na hiyo ni tofauti kubwa. Bado ningependa kuona mtu amesimama mbele ya umma akaulizwa hilo swali, akalijibu.

Hakuna aliyesimama. Na hapa ndipo anaingia mtu ambaye kwangu ndiye mhusika mkuu.

Richard Brodsky alikuwa mbunge wa Bunge la jimbo la New York, kutoka Westchester, kaunti ile ile yenye kituo. Alikuwa wakili pia. Baada ya msamaha kutoka, yeye na vikundi vya mazingira waliiandikia tume: tunataka kikao, tunataka kusikizwa. Tume ikajibu hapana. Na jibu lao la kisheria ndilo lililonifanya nisome hadi saa nane usiku. Sheria ya nishati ya atomiki ya Marekani inasema umma una haki ya kuomba kikao tume inapotoa leseni, inapoisimamisha, inapoifuta ama inapoibadilisha. Basi tume ikasema: sisi hatujatoa leseni, hatujaisimamisha, hatujaifuta, hatujaibadilisha. Tumetoa msamaha. Msamaha haupo kwenye orodha.

Umeona? Ukibadilisha leseni kidogo, mlango wa umma uko wazi. Ukiacha leseni kama ilivyo lakini ukasema kanuni fulani haikubani tena, mlango huo haupo. Kwa mkazi wa Buchanan, tofauti ni nini? Nyaya ni zile zile, blanketi ni lile lile.

Brodsky akaenda kortini, mara nyingi akijitetea mwenyewe. Mwaka 2009 korti ya rufaa ikamwambia amekuja mlango usiofaa, na sababu ilikuwa ile ile orodha: kwa kuwa msamaha hauko ndani yake, kesi haianzii hapa, nenda korti ya chini. Akaenda chini. Mwaka 2011 jaji wa korti ya wilaya, Loretta Preska, akaipa tume ushindi. Akarudi juu tena.

Tarehe 7 Januari 2013 korti ya rufaa ikatoa uamuzi. Karibu kila kitu Brodsky alishindwa. Msamaha kama chombo ni halali. Kukataa kikao cha leseni ni halali. Majaji hawakugusa hesabu ya dakika 24, walisema mambo ya kitaalamu wanawaachia wataalamu. Lakini kitu kimoja kilibaki. Kuna sheria nyingine, ya mazingira, ambayo kanuni zake zinaitaka ofisi ya serikali ihusishe umma kadiri inavyowezekana inapofanya tathmini ya athari kwa mazingira. Tume ilifanya tathmini, ikahitimisha kuwa hakuna athari kubwa, lakini haikukaribisha maoni ya umma. Majaji hawakusema ilikuwa lazima. Walisema: tumepekua faili lote na hatuoni mahali mlipoeleza kwa nini haikuwezekana. Mawakili wenu wanatupa sababu leo kortini, lakini tunataka sababu ya ofisi yenyewe, iliyoandikwa. Rudini mkaeleze, ama mchukue hatua nyingine.

Miaka mitano na zaidi ya kesi, na alichopata ni karatasi moja iliyokosekana.

Rafiki yangu nilimsomea hii akasema "sasa si alishinda hewa tu?" Nilibishana naye hadi bando ikaisha. Kwa sababu fikiria. Ukiondoa sheria na namba za vifungu, alichokuwa anataka Brodsky ni kile nilichotaka dirishani. Sikuwa nataka lazima nikubaliwe. Nilitaka mtu asome hadi mwisho na aniandikie kwa nini. Tofauti ni kwamba mimi niliomba sheria ilegezwe na nikanyimwa bila sababu, naye alikuwa anaishi kando ya watu waliolegezewa, na kanyimwa sababu vile vile.

Baadaye mwaka huo wa 2013 tume ilichapisha rasimu ya tathmini na kuuliza maoni ya umma, miaka karibu sita baada ya uamuzi kufanywa. Unaweza kubahatisha mwisho wake. Msamaha haukufutwa. Kesi ikaendelea kwa kishindo kidogo, na mwaka 2016 korti ya rufaa ikaifunga kwa upande wa tume.

Lakini Indian Point yenyewe haikudumu. Januari 2017 jimbo la New York, Entergy na shirika la Riverkeeper walikubaliana kifungwe. Moto wa nyaya haukuwahi kutokea kwenye lile handaki, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu wa upande wangu hupenda kuliruka. Brodsky alifariki mapema Aprili 2020, siku zile corona ilikuwa inaifyeka New York. Kinu nambari mbili kilizimwa tarehe 30 mwezi huo huo. Nambari tatu, chenye yale mablanketi, kilizimwa tarehe 30 Aprili 2021. Na stima iliyopotea ilijazwa zaidi na gesi, moshi ukaongezeka. Kwa hiyo ukiniuliza kama hadithi hii inasema nyuklia ni mbaya, nitakujibu haisemi. Mimi mwenyewe sijaamua, na nasoma ili niamue.

Kwa nini nawaletea hapa? Sisi tuna mpango wetu. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia tuliipitisha 2019 na tuna mamlaka ya udhibiti, KNRA. Uyombo kule Kilifi wakazi waliandamana Mei 2024 wakakutana na polisi, halafu mazungumzo ya serikali yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Lengo lililotangazwa ni stima ianze 2034. Na sisi, tofauti na Marekani, neno la wananchi kushirikishwa limeandikwa ndani ya Katiba, kifungu cha 10. Hata hivyo tuliona Julai 2024 Korti ya Rufaa ikiitupa Sheria ya Fedha ya 2023, hoja ya ushirikishwaji ikiwa mojawapo, na Oktoba Korti ya Juu ikairudisha. Kwa hiyo hata sisi bado tunabishana kushirikishwa ni kufanywa nini hasa: kuitwa ukumbini ukapewa soda, ama kujibiwa.

Na nikiwaangalia wanaharakati wetu, nguvu zote ziko kwenye swali la kwanza: kijengwe ama kisijengwe, wapi. Sawa. Lakini kinu nambari tatu cha Indian Point kilianza kazi miaka ya 1970 na msamaha uliombwa 2006. Kituo kikishajengwa kinaishi miaka 40, 50, 60, na katika hiyo miaka yote kutakuwa na blanketi lililofeli jaribio, valvu iliyochelewa, ukaguzi unaoombwa usogezwe mbele hadi msimu wa stima kidogo. Maombi hayo hayaji na maandamano. Yanakuja kama barua, yenye namba ya kumbukumbu, wakati kila mtu ameshazoea kuona zile taa usiku ng'ambo ya ziwa.

Nimeanza kuisoma ile sheria yetu ya 2019 kifungu kwa kifungu, nikitafuta nani anaweza kusamehewa nini na nani ataambiwa. Nikimaliza nitaandika hapa. Wakati huo, kama uko Siaya ama Kilifi na umewahi kuitwa kwenye kikao cha hii nyuklia, niambie kitu kimoja tu: ulipewa karatasi gani kabla ya kuingia, na ilikuwa kwa lugha gani?